Mwalimu anayeikataza kompyuta kupata mia kwa mia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mwalimu anapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vya chai vinaruka.

"Irudisheni ikosee!" anasema. "Wiki nzima nimewaomba kistaarabu. Leo siombi."

Kwenye skrini kuna hesabu ishirini za kutoa, na zote ishirini kompyuta imezipata. Mtaalamu wa programu, ambaye wenzake humwita Fundi, anajikuna kichwa kama mtu aliyeleta zawadi ikatupwa nje.

Ukiingia ghafla utadhani mama huyu amechanganyikiwa. Nani hukasirika mashine ikipata hesabu?

Mwalimu ana miaka hamsini na tisa, na miaka thelathini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia shule ya msingi. Tangu alipostaafu ni msahihishaji katika mradi wa chuo kikuu unaotengeneza programu ya kuiga namna mtoto anavyofikiri anapofanya hesabu. Hupanda ngazi za ghorofa tatu, magoti yakilalamika, hadi chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kwa mwezi analipwa pungufu ya mlinzi wa lango la chuo, na mkataba wake huhuishwa kila baada ya miezi mitatu.

Humo ndani yumo pia mwanasaikolojia, mkuu wa mradi, anayeitwa Daktari, na bibi mmoja mtaalamu wa lugha. "Mwezi wa kwanza hawakuelewana hawa," Mwalimu anasema. "Daktari akisema kumbukumbu, Fundi anawaza mashine. Yule wa lugha anauliza, kumbukumbu kwa maana ipi? Jioni inafika hakuna kilichofanyika. Nikawaambia jamani, njooni tusome karatasi za watoto."

Karatasi hizo sasa zimefika elfu kumi na moja na mia nne. Anachomoa moja. Mtoto ameandika 52 toa 27 ni 35. Chini yake, 81 toa 46 ni 45, na 64 toa 38 ni 34. Zote amekosa.

"Ungemwita mzembe, sivyo?" anamuuliza mwandishi wa makala haya. "Hebu tazama vizuri. Kila safari anachukua namba ndogo anaitoa kwenye kubwa, iwe juu, iwe chini. Juu kuna mbili, chini saba. Hajui kukopa kumi kwa jirani, kwa hiyo anageuza, anatoa mbili kwenye saba, anapata tano. Ana kanuni yake huyu, na anaifuata kuliko wewe unavyofuata sheria za barabarani."

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika chumba hiki wahenga itabidi wasubiri mlangoni. Kosa la mara moja halisemi kitu, huenda mtoto alipigwa kikumbo na jirani yake. Linalorudiwa ndilo linaloonyesha kichwa kinavyokwenda.

Mwalimu ameshazitambua kanuni potofu thelathini na nane, na Fundi ameziingiza zote kwenye programu. Ikipewa majibu machache ya mtoto, programu inatakiwa itaje kosa atakalofanya kwenye hesabu inayofuata. Ikilitaja sawasawa, basi imemwelewa, na mwalimu wake atajua pa kumshika mkono.

Jumanne ijayo maofisa wa elimu watakuja kuiona. Kuna watoto elfu mbili na ushee wamepangwa kurudia darasa kwa kuitwa wazembe. Maofisa wakiridhika, watoto hao watapimwa kwanza. Atakayeonekana ana kanuni potofu atapewa masomo ya ziada na kuendelea na wenzake. Wasiporidhika, wote watarudia.

Hapo ndipo Fundi alipoingiwa na hofu. Wiki iliyopita aliongeza hatua ndogo mwishoni, inayokagua kila jibu na kulisahihisha kabla halijatoka.

"Nilidhani nawasaidia," anasema, macho chini. "Nani anataka kuwaonyesha wakubwa mashine inayofeli darasa la tatu?"

Daktari naye hafichi. "Wale mabwana hawana subira. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Wakiondoka tunairudisha ilivyokuwa."

"Wakiondoka wamebeba nini?" Mwalimu anamkatiza. "Wamebeba kikokotoo! Kikokotoo kinauzwa hata kwenye kibanda cha vocha. Kitamwambia mtoto amekosa. Fimbo ilishamwambia hilo!"

Anakaa chini, anavua miwani.

Mwaka wake wa kwanza kazini, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa kwenye darasa lake. Kila siku mtoto alimletea majibu ya namna hiyo hiyo, na kila siku alichapwa.

"Nilimchapa kuliko wengine, watu wasiseme nampendelea," anasema. "Darasa la nne hakumaliza. Nami nikasema mbele ya mama, mwache, kichwa chake kizito. Mimi! Kwa mdomo wangu huu!"

Leo mdogo huyo ana miaka arobaini na mitano na anabeba mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana dada yake alimfuata dukani na hesabu ishirini. Akazifanya ameketi juu ya mfuko, anamcheka dada kwa kazi zake za ajabu. Hesabu za kukopa zilikuwa kumi na nne. Zote kumi na nne alikosa, kwa kanuni ile ile ya kugeuza.

"Miaka thelathini na tano imo kichwani mwake na hakuna aliyemuuliza. Nililia njia nzima, watu wananitazama."

Ndiyo maana asubuhi hii amekuja na faili lenye fomu za ridhaa za wazazi mia nne na sitini. Bila fomu hizo, mradi hauruhusiwi kutumia hata karatasi moja. Analiweka mezani na kulilalia kwa kiwiko.

"Wazazi hawa walinipa mimi, mkononi, nikawaahidi makosa ya watoto wao yatasomwa. Kama yanafutwa, nazirudisha nyumba kwa nyumba. Mkataba wangu kaeni nao."

Daktari analitazama faili, anamtazama Mwalimu, kisha anamgeukia Fundi. "Iondoe ile hatua."

Inachukua dakika ishirini. Fundi anaingiza majibu matatu ya msichana mmoja wa darasa la tatu, kisha anaiuliza kompyuta: 73 toa 58, ataandika ngapi? Skrini inajibu 25. Mwalimu anafunua karatasi ya msichana. Ameandika 25.

Daktari anapiga makofi. Fundi anafuata.

"Makofi ya nini?" Mwalimu anauliza. "Mashine imemwelewa kwa majibu matatu. Sisi wenye macho tumekaa naye miaka mitatu tukimwita mjinga. Tungeona aibu kwanza."

Kwa Jumanne hana hotuba. Anataka mdogo wake akae mbele ya maofisa na karatasi ya hesabu, na kabla hajaandika kila jibu, kompyuta ilitaje.

"Wamtazame usoni," anasema. "Halafu aniambie mmoja wao kwamba huyu ni mzembe."

Anampigia simu hapo hapo, sauti ikisikika chumba kizima. Mdogo wake anasikiliza mpaka mwisho na anakubali, ila ataomba ruhusa kwa tajiri wake. Kisha anauliza swali moja.

"Dada, na fimbo utakuja nayo?"

Anacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha mtu anayetania. Dada yake anavuta karatasi nyeupe na kuanza kumwandikia hesabu za Jumanne.