Nyumba Anayokwenda Yohan

Watanzania wa Rockville, Marekani, wakitaka kujua mchumba wa binti yao ni mtu wa namna gani, humtuma Elieth. Mama huyu, dereva wa basi la shule kule Upper Marlboro, hapotezi muda na sura ya kijana wala suti yake. Huuliza: nyumba anayotaka kumpeleka mtoto wa watu ikoje? Nani anagombana na nani humo, na wangapi walishaolewa pale wakarudi kwao wakilia?

Kwa jicho hilo hilo huwapima quarterback wapya katika kipindi chake cha Jumamosi, kwenye redio ya mtandaoni ya Wainaina, Mkenya mwenye maneno mengi na studio iliyo chini ya nyumba yake. Mchezo wenyewe, ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, Elieth aliujulia uwanjani, akizisubiri timu za shule alizozipeleka kwa basi. Quarterback ndiye anayeushika mpira na kuamua uende kwa nani, huku majitu ya upande wa pili yakimkimbilia kumbwaga. Na kuna jambo linalomkera Elieth hadi leo: kila mwaka timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni. Yaani kijana bora kuliko wote anaozwa, kama binti, kwenye nyumba mbovu kuliko zote, halafu akishindwa wanasema hakuwa na kipaji. Elieth mwenyewe amewahi kukosea, tena vibaya. Yupo mmoja aliyempigia debe msimu mzima ambaye sasa anauza magari. Lakini hilo halijamfunga mdomo.

Mwaka huu aliyechaguliwa mbele ya wote alikuwa Yohan. Yohan wao! Mtoto wa Tharcisse na Anysie, Wakongo wanaosali na Elieth kanisa moja, aliyefika Fairfax, si mbali na hapo, akiwa mdogo kutoka kambi ya wakimbizi. Kanisa lilicheza hadi viti vikasogezwa. Elieth naye akacheza, akapiga vigelegele, kisha akaenda nyumbani kuichunguza timu iliyomchukua, huko mbali. Kocha mpya kila mwaka. Ukuta wa kumlinda quarterback, wale wanaume watano wanaosimama mbele yake, ulikuwa na matundu kama chandarua cha zamani. Na walitaka aanze mechi ya kwanza kabisa. Moyo ulimuuma.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi hiyo, Elieth akiwa njiani kwenda studio, alipigiwa simu na Laurean, mzee wa kanisa.

"Dada Elieth, leo sema mazuri tu. Wazazi wake watakuwa wanasikiliza."

"Ndiyo maana siwezi kuwadanganya, mzee wangu."

Wainaina naye alikuwa na lake. "Auntie, watu wako na furaha. Usituharibie mood, tafadhali."

"Wewe washa maiki."

Akasema. "Yohan ana mkono, ana akili, ana adabu. Lakini mwaka huu hatafaulu. Wangemkalisha benchi msimu mzima amtazame quarterback wao mkongwe, huku wakiujenga huo ukuta. Wakimwanzisha kesho, watamvunja."

Simu zikamiminika. Mmoja akamwita mchawi. Mwingine akauliza dereva wa basi kasomea wapi ukocha. Elieth aliwajibu wote vile vile, bila kupandisha sauti. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, na Wainaina akakodoa macho.

"Miye niko Anysie, mama ya Yohan."

 Elieth alikuwa tayari kutukanwa na mji mzima, lakini si na huyu.

"Nakusikia, Mama Yohan."

"Batu bote bananipa félicitations, hongera juu ya hongera. Weye tu ndiye unasema batamuvunja. Na miye nilishaona. Ile match ya kujaribu, banamuangusha, nikazima télé, nikaambia bageni kichwa kinaniuma. Sasa uniambie: nimuambie nini mutoto wangu?"

Hapo Elieth angeweza kusema Mungu yupo. Yupo, lakini aliyeulizwa ni yeye.

"Mwambie asipomwona wa kumpa mpira, autupe nje. Na akikimbia nao akaona wanamjia, ajilaze chini mwenyewe, mapema. Akishajilaza hawaruhusiwi kumgonga. Asione haya."



"Eh, Elieth. Tulipokimbia vita, alikuwa mudogo, anatembea na miguu yake. Nilimuambia: hata uchoke namna gani, usilale chini. Ule mutoto hajui kulala chini."

Machozi yakamtoka Elieth, na hakuyaficha. "Basi mfundishe leo, dada."

"Nitamupigia sasa hivi. Na kesho ukuje kwangu. Bale bengine batapiga makofi tu. Miye nataka mutu wa kuangalia na miye, nisizime télé."

"Nakuja."

Simu ilipokatika, Wainaina alimsogezea tishu, akamuuliza kwa ishara kama angependa kuyalainisha kidogo maneno yake. Elieth akajifuta uso na kuivuta maiki karibu.

"Wasikilizaji, sijabadilisha neno. Mwaka huu hatafaulu. Na kesho, kwenye sebule ya mama yake, hakuna atakayeomba kwa nguvu kunizidi, kwamba Yohan afaulu na mimi nionekane mjinga."