Mama wa Kwenye Karatasi

Kuna Jumanne moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na leo nimeamua nikusimulie. Umeniletea maombi yako ya ufadhili niyasome kabla hujayatuma, na nilipofika ukurasa wa pili nikayaweka chini nikaenda kupika chai. Unasema hapo kwamba baba yako ni mzee aliyesahauliwa na dunia. Baba yako ninamjua. Juzi tu amenishinda kwa kelele kwenye mkutano wa kanisa.

Sikucheki. Mimi nilifanya hayo hayo nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nilikuwa nikitengeneza makala za sauti, za watu wa kweli na mambo ya kweli, bila kuajiriwa na kituo chochote. Nilijiita mtangazaji huru, nawe unajua uhuru huo ulivyo, mwenye nyumba hautambui kabisa. Nilikuwa na chumba Kangemi, kinasa sauti cha kuazima, na makala moja moyoni niliyoitaka kuliko kitu kingine chochote. Ilikuwa makala ya Tata Wairimu.

Tata ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Alikuwa dada yake baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, wazazi wangu walipofariki. Alikuwa msusi Kenyatta Market. Pale wasusi wanne huzunguka kichwa kimoja, kila mmoja na upande wake, huku moshi wa nyama choma ukiingia mlangoni bila kubisha hodi. Upande wa Tata ulikuwa kisogoni. Alisema ndipo mahali pazuri, kwa sababu mteja hakuoni uso, kwa hiyo anakwambia yote. Siri za wateja hakuzitoa nje hata siku moja. Alichotoa ni visa vyake mwenyewe, akivisimulia kwa madaha, akinyamaza pale pale unapotaka aendelee, anachambua rasta kwanza, halafu ndipo anakurudia. Nilitaka makala ya nusu saa, yeye akiongea na mimi nikinyamaza. Basi.

Shirika moja lenye ofisi Muthangari likatangaza kwamba litawasaidia watengenezaji huru kama mimi. Nikaandika. Nilimweleza msusi anayeimba kwaya, anayepigwa picha studioni kila Krismasi akiwa na gauni jipya, mwenye sofa set sebuleni, anayelijua jiji hili kwa visogo vya watu wake. Kisha nikakutana na rafiki yangu Otieno kwenye mkahawa mmoja katikati ya mji. Otieno alikuwa mpiga picha, na alikuwa ameshapata ufadhili kama huo, kwa hiyo nilimsikiliza kama daktari.

"Njeri, hii ni poa," akasema, "lakini hutapata kitu. Hawa watu wanataka kulia. Sasa huyu auntie yako atamliza nani? Ako na sofa set!"

"Lakini ni ukweli, ako nayo."

"Toa hiyo sofa."

Nikaitoa. Baada ya sofa ikatoka kwaya, halafu magauni. Badala yake nikaweka mwanamke aliyevunjwa na maisha, vidole vinavyotetemeka, na mtoto yatima aliyekuwa akilala njaa. Usidhani nilitunga kutoka hewani. Vidole vya Tata viliuma kweli siku za baridi, na mwisho wa mwezi tulikunywa chai ya strungi kweli, maziwa yakiwa yameisha. Nilikuza tu. Fomu ilitaka mhusika ajue kilichoandikwa juu yake na atie sahihi. Nilimwambia wakati wa chakula, kwa haraka, kwamba nimeandika kuhusu kazi yake. Akafuta mikono, akatia sahihi. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Wakatuita sote wawili. Ndiyo hiyo Jumanne. Tata alivaa gauni la kijani la Krismasi, akabeba mkoba. Tulipokuwa tukipita kwenye barabara zile za Muthangari zenye miti na mageti makubwa, akasimama akanyoosha kidole.

"Unaona hiyo geti nyeusi? Nilikuwa naosha nguo hapo nikiwa msichana. Hapo ndio nilisuka kichwa ya kwanza ya kulipwa. Na vile nilifukuzwa, ngoja nikwambie…"

"Tata, ngoja," nikamkata. "Nitakurekodi vizuri tukipata pesa."

Akacheka, tukaendelea.

Ofisini tulipokewa na mama mmoja wa makamo, mpole sana, na wenzake wawili. Walimwangalia Tata, wakaiangalia karatasi, wakamwangalia tena. Kisha yule mama akasema ni vizuri mhusika naye asikie, akaanza kusoma maneno yangu kwa sauti, akiyageuza Kiswahili taratibu. Alisoma kuhusu kuvunjwa na vidole kutetemeka, akafika kwenye ile njaa. Nilitamani taa zizimike. Tata alikaa wima, mikono juu ya mkoba, hakupepesa jicho.

"Ni kweli, mama?" akaulizwa.

Aliniangalia. Angeweza kunimaliza pale pale, na ningestahili.

"Mtoto wangu amesema vile anajua kusema," akajibu, akaomba maji ya kunywa.

Tulirudi kwa miguu. Tulifika Waiyaki Way, karibu na kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Hapo akasimama.

"Njeri. Ni siku gani ulilala njaa kwa nyumba yangu?"

"Tata, hiyo ni lugha ya fomu tu. Kila mtu huandika hivyo."

"Sijakuuliza kila mtu. Nimekuuliza siku."

Siku hiyo haikuwahi kuwapo. Magari yalipita, mahindi yakaungua, na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nimesuka watu mpaka macho yakachoka," akasema, "ndio mtu asiwahi kukwambia pole. Leo umeenda ukaniombea hiyo pole mwenyewe." Kisha sauti ikalainika. "Rudi uwaambie ukweli. Wakikataa, wanikatae mimi, si huyo mwingine. Na hata wakikataa, kuja na hiyo kitu yako ya kuazima, nitaongea mpaka unichoke. Sitaki kulipwa."

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi hivyo. Lakini niliogopa kuikosa ile pesa. Nikamwambia ikishapatikana nitarekebisha, kwamba kwenye makala yenyewe watamsikia alivyo. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akatangulia.

Pesa ilipatikana. Nikanunua kinasa sauti kipya, nikaenda sokoni nikiwa na furaha yangu yote. Tata alikuwa kisogoni mwa mteja kama kawaida. Nikakiwasha.

"Mtafute yule mama wa kwenye karatasi," akasema. "Ndiye amelipiwa. Mimi mambo yake siyajui."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nikidhani ni utani. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Hakuninunia. Jumapili alinipikia, akanisuka, akanipa habari zote za soko. Lakini taa nyekundu ya mashine ikiwaka tu, alianza kuvuma nyimbo za kwaya kwa pua, mdomo umefungwa. Mwishowe nilirekodi wasusi wengine. Makala ilisifiwa, na watu wakanipigia simu kunipongeza. Mimi sijawahi kuisikiliza hadi mwisho, kwa sababu kila anayeongea mle ndani si yeye.

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilitakiwa kwenda kumwomba msamaha, na nilijua hatanikatalia. Nilikuwa nikisubiri siku nzuri, kana kwamba siku huwa zinapangwa foleni kwa ajili yetu. Kisha Tata akapatwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza na maneno yakamwisha. Aliishi miaka miwili zaidi bila kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka sasa, nikiwa nimekaa kisogoni kwake, na ni huko nyuma, aliposhindwa kuniona uso, nilipopata ujasiri wa kumwambia nisamehe. Alitafuta goti langu kwa ule mkono mzima, akalipapasa. Nimelishika hilo. Lakini ningelitoa mara moja nipate dakika moja tu ya sauti yake.

Nina sanduku zima la kanda na mashine, mwanangu. Nina sauti za wachuuzi, za mapadri, za watu ambao hata majina yao nimeyasahau. Yake sina. Maneno yake ninayo kichwani, lakini sauti yenyewe imefifia, sikumbuki tena kama ilikuwa nzito au mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Nikipita Kenyatta Market na mwanamke akacheka ndani ya kibanda, shingo yangu hugeuka kabla sijaizuia. Na kuhusu lile geti jeusi, sitajua kamwe kwa nini alifukuzwa.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mama wa ofisini, wakati huo na mimi nimeanza kualikwa kusoma maombi ya wengine. Nikamuuliza kwa nini walinichagua. Alifikiri kidogo. "Karatasi yako ilikuwa kama zile zingine zote," akasema. "Tulikupa kwa sababu ya yule mama wa gauni la kijani. Sisi wote tulitaka kumsikia."

Kwa hiyo chukua karatasi zako. Ukurasa wa pili uchane, umwandike baba yako na kelele zake zote, na ubishi wake, na ile kofia asiyoivua hata kanisani. Ukimaliza, kaa naye chini umsomee neno kwa neno, na mahali atakapokunja uso, hapo ufute bila kubishana naye. Ukinyimwa, utaumia, sikudanganyi, na kodi itakusumbua, lakini utakuwa bado na baba wa kuongea nawe. Tena usisubiri wakujibu. Simu yako inarekodi, nimekuona ukijirekodi ukiimba. Leo akianza kisa, hata mkiwa barabarani, hata kama umechelewa, usimwambie ngoja.

Mungu akufungulie mlango wa ofisi ile, mwanangu, na wakikufungia, akuoneshe mwingine. Akupe kazi isiyokufanya utazame viatu vyako. Na siku baba yako atakapokuwa hayupo, akujalie uwe na mahali pa kubonyeza, umsikie.