Mahubiri ya Kumzika Mama

Kutoka Kahama hadi Mwaya unabadilisha mabasi mpaka unasahau unakokwenda. Nililala stendi ya Mbeya, nikateremka milima ya Tukuyu nikisinzia, na Kyela mjini nikachukua bodaboda. Nilipofika, mama alikuwa ameshawekwa kwenye jeneza. Sikulia. Wanawake walinitazama wakingoja nilie, kisha wakaacha.

Padre alikuwa na misa kigango cha mbali, kwa hiyo mazishi yaliongozwa na shemasi, kijana aliyeletwa parokiani mwaka huo akisubiri kupewa upadre. Alinivuta pembeni.

"Pole, kaka. Mimi sikumfahamu mama. Nipe jambo lake moja nilihubiri. Watu wa huku hawasamehe mahubiri yanayofaa kila maiti."

Niliondoka nyumbani nikiwa kijana. Nilichokikuta kichwani ni mikono inayolainisha chungu kwa kokoto. Nikampa hicho.

Alihubiri vizuri. Alisoma habari za mfinyanzi na udongo, akasema leo Mungu amempokea mfinyanzi mwenzake. Ndipo mama mkubwa, dada yake marehemu, alipoinuka kwenye mkeka.

"Baba Shemasi, mfinyanzi ni mimi. Na sijafa."

Watu walicheka, wengine wakiwa bado na machozi. Shemasi akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Dada hao wawili walinilea nyumba moja, wote nikiwaita mama, na mikono ile haikuwa ya aliyelala pale.

"Basi nisaidie, mama," alisema shemasi. "Huyu alikuwa nani?"

"Alianika dagaa. Udongo hakuutaka, ulimpasua vidole. Na kwaya aliimba kwa sauti ya kufukuza kunguru, lakini Jumapili hakukosa."

"Hakukosa!" wanawake waliitikia.

Shemasi alianza upya, akamhubiri mwanamke huyo: mwenye sauti mbaya aliyekuja kila Jumapili akaimba. Wanawake walilia. Mimi nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za jirani wa watu wengine.

Matanga yalipoanuliwa, mama mkubwa aliniwekea wali na samaki.

"Nyumba ni yako. Kaa mpaka arobaini, nikusimulie mama yako."

"Ndaga fijo, mama," nilimshukuru, nikala, nikafunga begi.

Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Hakuniuliza nitarudi lini. Nilipanda lori la mchele lililokuwa likienda Mbeya, na sijarudi.