Siku Mjomba Jaji Alipopokea Isale

Jambo zima lilitugharimu migomba yote, mibuni yote, ng'ombe mmoja wa maziwa na nyumba ya babu kule Uru. Nimejumlisha mara mbili, nikitumaini nimekosea.

Harufu ya maganda ya kahawa yanayochachuka hunirudishia mjomba, mdogo wake mama. Alifundisha sheria chuo kikuu Dar, na aliandika kitabu kizima kwamba mtoto wa kike ana haki ya kurithi shamba. Kila Krismasi alitusomea kurasa zake jikoni, mama akimenya ndizi za mtori. Mama alikuwa amerudi kwao na mimi mgongoni, ndoa imemshinda, na ndiye aliyemuuguza babu. Kurasa zile alizikariri kama sala.

Babu akafariki. Mjomba akateuliwa jaji. Desemba hiyo akaja na fundi mwenye futi kamba, kupima pa kujenga nyumba ya hadhi yake. Mama akamfokea palepale: shamba hili ni langu pia!

"We mama, jaji hafokewi," jirani akamwonya. "Mpelekee isale."

Isale ni lile jani tunalopanda mipakani. Mchaga akikuletea limefungwa fundo, anaomba radhi, na huwezi kulikataa.

Mama akalipeleka mbele ya wazee wa ukoo. Mjomba akalipokea kwa mikono miwili. Nilipiga makofi, nikakimbia zizini kumpasha ng'ombe habari kwamba ugomvi umekwisha.

Ulikuwa umekwisha kweli. Niliporudi, mjomba alikuwa akisema kwa upole, "Wazee, mmeona wenyewe. Anayeleta isale amekiri kosa. Na kosa la dada ni kudai shamba."

"Na kitabu chako je?" mama akauliza.

"Kile niliwaandikia wanafunzi, dada."

Wazee wakacheka; mbege waliyokunywa aliinunua yeye. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa: bila lile jani, wangelazimika angalau kumsikiliza mama. Mwaka mpya ulitukuta Kiboriloni, chumba kimoja cha kupanga, na bado tupo.

Sasa mjomba amestaafu. Anafanyiwa sherehe kulekule Uru, na ameagiza mama asimame aeleze jinsi mdogo wake alivyopenda haki tangu utotoni. Tangu jana mama ananiuliza avae kitenge kipi.

Ninyi mnaonisoma, nimjibuje?