Nyanda Nne za Bibi

Nimehama miji mingi mno, hata vitu vyangu vyote vimezoea kuenea katika sanduku moja. Kila ninapoondoka huacha kitu: masufuria, mkeka, kiti nilichokipenda. Lakini kipande kimoja cha bafta, kitambaa cha pamba tu, kirefu kama mkanda na chenye upana wa vidole vinne, sijakiacha popote. Tanga nilikuwa nacho, Mombasa nilikuwa nacho, na sasa kimo humu ninamokaa kwa kupanga.

Kilitoka kwenye mkono wa kanzu ya mama yangu.

Miaka ile ya hamsini, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, tulikuwa tukikaa Mkunazini na bibi yetu mzaa mama. Mama alifariki mimi sijaanza hata chuoni kusoma Kurani. Dada yangu alikuwa anaolewa Alkhamisi, na katika harusi yote ile alitaka jambo moja tu: avae kanzu aliyoolewa nayo mama. Ilikuwa ya atlasi ya rangi ya zambarau, na mwisho wa mikono imezungushiwa almaria pana ya uzi wa zari, aliyoitarizi mama mwenyewe. Lakini mama alikuwa mrefu, na dada mfupi kama bibi. Siku ya Jumatatu alipoijaribu, mikono ilimfunika mpaka kwenye kucha.

"Na piko yangu ya mikononi je?" akasema, sauti inataka kukatika. "Nichorwe kutwa nzima, kisha nifiche?"

"Wakwezo watauliza kama una vidole," nikamtania.

"Cheka tu. Si wewe uliyejifunza kushona skuli? Haya, ipunguze. Ukiiharibu, mimi sitoki mbele za watu."

Nilijua hafanyi mzaha. Kanzu ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya mama.

Bibi alikuwa amekaa kitandani akichambua asumini kwa kupapasa, maana macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Aliniita nikaenda.

"Naam, bibi."

"Mke mwenzangu, sikiliza. Fumua almaria tu. Mkasi usiutie. Wembe usiutie. Fumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Mikono yapungua nyanda nne."

"Nyanda ndizo vidole, bibi. Vidole vya nani? Skuli tunapima kwa futi."

"Vyangu," akasema, akaninyooshea mkono. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimejaa kazi. Vinne vyake vilikuwa kama vitano vyangu.

Nikapanda ukumbi wa juu, penye mwanga. Nilifumua kwa sindano mpaka shingo ikaniuma, na nilikuwa sijafika robo ya mkono mmoja. Uzi wa mama ulikuwa mdogo na wa karibu karibu kama mdudu kaupanga. Nikaenda kuchukua wembe. Nilijiambia bibi haoni, na mimi nina mkono mwepesi.

Ulikwenda vizuri. Almaria ikaachia, nzima, nikaitandaza juu ya mto. Nikaingiza wembe chini ya bitana kukata nyuzi zilizobaki, nikavuta kidogo, na ncha ya mkono wa kanzu ikaniangukia mapajani.

Nilikaa nikiitazama. Kisha nikashuka ngazi mbili mbili.

"Bibi! Mkono umekatika!"

Asumini zikamwagika sakafuni. Bibi alinidaka kwa pupa, akaanza kunipapasa toka begani kushuka chini, huku akipiga ukelele: "Leteni maji! Leteni kitambaa! Mkono upi, mwanangu? Mbona sioni damu?"

"Wa kulia, bibi. Wa kanzu."

Akaniachia. Akanipiga kofi la mgongo ambalo halikuuma hata kidogo.

"Mwanaizaya we! Wataka nife kabla ya harusi? Wa kanzu!" Kisha, polepole: "Ulitia wembe."

"Nilitia."

Dada alikuwa ameshasimama mlangoni. Alikuwa ameshika kanzu na kile kipande, kavishusha kutoka juu, machozi yanamdondoka juu ya atlasi.

"Nipeni," bibi akasema.

Akaupapasa ule mkono mpaka mwisho wake. Akashika kile kilichoanguka, akakisugua kwa kidole gumba, na akatabasamu. Hapo ndipo nilipokiangalia sawasawa. Hakikuwa atlasi. Kilikuwa bafta nyeupe, na mwisho wa atlasi ulikuwa na upindo wake wa zamani, uliopindwa kwa uzi wa namna nyingine.

"Hukukata kitu," bibi akasema. "Umefumua alipounga mama yenu. Hii kanzu yangu mimi. Mwaka aliotaka kuolewa, atlasi haikupatikana, na yeye mikono yake mirefu, imetoka nje kama ya mvulana aliyekua ghafla. Akaunga bafta, akaifunika na almaria. Akaniapisha nisimwambie mtu kuwa kaolewa na kanzu kuukuu."

"Na ukanyamaza mpaka leo?" dada akauliza.

"Mimi sijasema neno. Kafumua mwenzio."

Akaweka vidole vyake vinne juu ya ile bafta. Vilienea.

Mkono wa pili niliufumua kwa sindano. Almaria niliirudisha juu ya atlasi yenyewe, uzi mmoja mmoja, nikafuata vitundu vya sindano ya mama vilivyobaki kwenye zari. Vipande viwili vya bafta tuligawana, dada na mimi.

Alkhamisi dada alitolewa, piko yake imeonekana yote mpaka juu ya vifundo. Shangazi mmoja wa bwana harusi alishika ukingo wa mkono, akaugeuza geuza, akamwelekea bibi.

"Kazi ya zamani hii, Bi mkubwa. Kanzu hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yake," bibi akajibu bila kupepesa. "Alishonewa mpya."

Na chini ya buibui lake nikahisi vidole vinne vimenibana paja.