Nilivyokosea swali la kipeuo cha pili mbele ya mama mkwe

Habari za muda huu wakuu. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Mke wangu naye yumo humu jukwaani, nikidanganya atanisuta.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Rukia, Nanyamba. Majibu kimya.

Mama yake, Bi Somoe, ni mwalimu wa hesabu. Nikapenyezewa kwamba yeye ndiye hajaridhika, eti vijana wa Chikongola tuna maneno mengi. Mimi tena!

Msimu wa korosho ulipofika nikajipeleka kusaidia kuokota, nijipendekeze kidogo.

Jioni tumekaa barazani, mdogo wake Rukia wa form three anahangaika na swali. Rahisisha √(16x² + 9x²), x ni namba chanya.

Kiherehere changu wakuu. Hakuna aliyeniuliza.

"Rahisi hiyo, shemeji. Kipeuo cha 16x² ni 4x, cha 9x² ni 3x. Jumlisha, 7x."

Nilisema kwa sauti ili mama mkwe asikie. Akasikia.

"Baba, hebu weka x iwe moja. Ndani mna ngapi?"

"Kumi na sita na tisa... ishirini na tano, mama."

"Kipeuo chake?"

"Tano."

"Sasa hiyo saba umekuja nayo kutoka Chikongola?"

Rukia alicheka mpaka akamwaga ungo wa korosho. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nampenda yule binti jamani, na nilijua posa ndiyo imekwenda na maji.

Wakati naaga, Bi Somoe akaniita pembeni. Akachora mchangani ile alama ya kipeuo, yenye mstari mrefu juu kama paa.

"Kila mmoja akiwa na paa lake, huyu nne, huyu tatu, jumla saba. Mkiingia chini ya paa moja mnakuwa tano. Ile mbili inakwenda wapi?"

Nilitafuta la kusema, nikakosa. Nikanyamaza kabisa.

Akaniangalia weee, kisha akatabasamu.

"Huko kunyamaza ndilo jibu nililokuwa nalisubiri. Ile mbili ni maneno mengi, unayaacha nje ya paa. Waambie wazee wako waje."

Leo ni mwaka wa pili wa ndoa. Nikianza ubishi wangu, Rukia ananiuliza tu, "Mume wangu, ile mbili umeshaiacha?" Naishia hapo hapo.

Funzo: vilivyo chini ya paa moja vijumlishe kwanza, ndipo utoe kipeuo. Na ukweni usijibu swali ambalo hujaulizwa.

Wenzangu wenye mama wakwe walimu, nyie mliponea wapi? Shusheni hapa chini, ila Rukia asianze kucheka.