Kishada cha Odile Charvet

Msiniambie nitulie. Tangu mwezi wa nne kila mtu ananiambia nitulie, oh Josiane, presha, oh Josiane, moyo, na mimi nawajibu kwamba presha ni yangu na moyo ni wangu. Nimeuza jibini kwenye Uwanja wa Ourdisseurs hapa Lyon tangu enzi nilipokuwa na kiuno, na nimeyaona mengi. Lakini alivyofanyiwa Odile Charvet mchana kweupe, mbele ya macho yangu, hilo sijalimeza na silimezi.

Odile ndiye mwenye bembea la kuzunguka pale katikati ya uwanja, lile la farasi wa mbao. Nasema "ndiye" kwa ubishi tu. Lilianzishwa na baba mkwe wake. Kisha likawa la mumewe, Marius, aliyekuwa akilipaka rangi kila majira ya baridi mpaka mapafu yakamshinda, na tangu Marius azikwe, Odile analiendesha peke yake. Anavaa aproni ya marehemu, inamfika vifundoni. Farasi wote amewapa majina ya shangazi zake Marius, hata wale madume, na ukimkuta asubuhi anawafuta vumbi utamsikia akiwagombeza: "Wewe Clotilde, simama vizuri, umezeeka lakini hujafa."

Halafu kuna kishada. Kila aliyekulia mitaa hii anakijua. Odile anasimama pembeni ameshika kamba. Kamba inapita juu kwenye kapi, na mwisho wake kinaning'inia kishada cha sufu nyekundu, kimenona, kinakaa kiganjani. Farasi wakizunguka, anakishusha mpaka puani kwa watoto, anakipandisha, anakishusha tena, na watoto wanapiga makelele wanarusha mikono. Anayekinyakua anapanda mzunguko mwingine bure. Wazazi hudhani ni bahati. Mimi nilikuwa namtazama kutoka kwenye meza yangu na nilijua si bahati hata kidogo, mwenye kuchagua ni Odile. Anachaguaje, sikumwuliza. Nilichoona ni kwamba mara nyingi kilimwangukia mtoto mwenye kamasi.

Sasa njooni tarehe mosi ya mwezi wa nne. Siku hiyo, kwetu, hakuna mtu mwenye akili timamu anayekuletea habari ya maana. Watoto wanakata samaki wa karatasi na kuwabandika watu mgongoni, kisha wanapiga kelele, "Samaki wa Aprili!" Waoka mikate wanauza samaki wa chokoleti. Gazeti linaandika uongo mkubwa ukurasa wa mbele, na picha juu. Hata padri siku hiyo humwamini.

Na mwaka uliotangulia Odile alikuwa amenaswa na mzaha wa siku hiyo, tena vibaya. Fernand, mchinjaji wetu, alimpigia simu akijifanya mkaguzi wa mifugo, sauti kaikaza puani: farasi wako wote wachanjwe kabla ya Pasaka. Odile akamwambia farasi wangu ni wa mbao. Fernand akasema, "Sheria haijataja mbao, mama." Walibishana mpaka Odile akavaa koti na kubeba mkoba, anakwenda huko ofisini kwao akawapashe. Hapo ndipo tulipojitokeza nyuma ya duka la nyama, tumeshika mbavu. Alitununia siku kadhaa. Kisha akaapa mbele yetu wote: "Hakuna mtu atakayenishika tena. Nikifa tarehe mosi Aprili, msinizike mpaka kesho yake."

Basi mwaka huu, tarehe hiyohiyo, asubuhi, akatokea Thibaud Perrachon. Huyu ni mtoto wa mfamasia wa kona ile, amekulia hapahapa uwanjani, ghorofa ya pili, mapazia ya bluu. Siku hizi ana suti na kitambulisho shingoni, ni mkubwa wa Kamati ya Machipuko, watu wanaoandaa tamasha. Akamfuata Odile pale kwenye kibanda cha tiketi. Mimi nilikuwa nakata jibini, nilisikia kila neno.

"Mama Charvet, nimekuja kukutaarifu rasmi. Mwezi wa tano tutafanya hapa tamasha la mila za Kifaransa. Muziki, mavazi ya zamani, vyakula vya mikoani. Bembea itabidi liondoke."

"Liondoke liende wapi?"

"Hilo ni juu yako, mama. Na baada ya tamasha nafasi itakodishwa kwa mkahawa, waweke meza za nje. Kama una pingamizi, lipeleke ofisi ya mtaa kabla ya katikati ya mwezi."

Odile alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. Nikaona mdomo unaanza kumcheza.

"Yaani," akasema, "mtasherehekea mila kwa kuning'oa mimi?"

"Ni suala la nafasi tu, mama."

"Na farasi je? Wachanjwe kwanza?"

Akaangua kicheko. Nasi tukaangua. Fernand alitoka dukani na kisu mkononi, anacheka na kuapa kwamba safari hii si yeye, jambo lililotufanya tuamini kabisa kwamba ni yeye. Odile akachukua samaki mmoja kati ya wale ambao watoto walimwachia kibandani, mkubwa, wa kijani, ana makengeza, akambandika Perrachon mgongoni kwa kumpigapiga kwa upole kama anayempongeza. "Haya mwanangu, umejitahidi. Hata jasho limekutoka. Mwambie Fernand mwaka huu amepata mwigizaji."

Perrachon akageuka akaondoka na samaki wake. Akapita kati ya meza za mboga, akapita mbele yangu, kila anapopita watu wanapasuka. Hakuelewa wanacheka nini, alikaza shingo tu. Baadaye tulikuja kusikia kwamba aliingia naye mpaka kwenye kikao, mbele ya wakubwa, na ni katibu aliyembandua.

Katikati ya mwezi ikapita. Pasaka ikapita. Odile hakupeleka pingamizi lolote, apeleke la nini?

Siku lori lilipokuja, nilikuwa nimemshikia chombo cha mafuta anapaka mashine. Vijana wawili wakashuka wakasema tumetumwa kuangalia vipimo, tunavunja wiki ijayo. Odile akawaambia, "Mmechelewa, wapenzi, Aprili mosi imepita." Vijana wakatazamana. Hawakucheka. Nikamwona Odile anautafuta ukingo wa bembea kwa mkono, akakaa.

Tulikwenda ofisi ya mtaa siku ileile, mimi na aproni yangu inanuka jibini la mbuzi, na sikujali. Mama wa pale dirishani alitusikiliza mpaka mwisho, na tulipofika kwenye habari ya samaki alijiziba mdomo. Akasema, "Muda umekwisha, lakini kuna njia. Aliyeleta taarifa akisema kwamba mama hakuiamini, kwamba aliichukulia utani, mimi nalifungua suala upya. Neno lake tu. Lakini iwe kabla tamasha halijafunguliwa, maana siku ile ndiyo mkahawa unasaini."

Neno moja! Nilitoka pale nimefurahi, mjinga mimi.

Perrachon alitupokea amesimama. Odile aliongea vizuri, kwa adabu kuliko nilivyowahi kumsikia. Akamwomba radhi kwa kicheko. Akasema, "Nilidhani ni mzaha, bwana. Wewe mwenyewe uliona."

"Mimi nilikueleza kwa Kifaransa fasaha," akajibu.

"Alicheka!" nikadakia.

"Watu hucheka kwa sababu nyingi."

"Ebo! Ulitoka na samaki mgongoni, bwana wee, soko zima lilikuona!"

Masikio yakamwiva. Akapanga kalamu zake mezani, akazipanga tena. "Hakukuwa na samaki yeyote," akasema. "Na sitaki kusikia habari hiyo tena."

Mnaona? Akikiri kwamba Odile hakuamini, itabidi akiri na samaki. Na yeye alikuwa tayari mwanamke wa watu apoteze riziki, apoteze mahali alipozikia ujana wake, kuliko kusema mbele ya mtu kwamba siku moja alitembea na karatasi mgongoni. Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Odile akanivuta mkono tukatoka.

Wakalivunja. Farasi walivikwa mablanketi wakapelekwa kwenye banda la shemeji yake huko Vénissieux, na Odile alisafiri nao nyuma ya lori, hakutaka kukaa mbele. Kilichobaki mkononi mwake ni kishada. Alikitia kwenye mfuko wa aproni, na kila nilipomwona siku zile mkono wake ulikuwa mfukoni.

Jumamosi ya ufunguzi kulikuwa na jua zuri, jua la kukera. Wasichana wamevishwa viatu vya mbao ambavyo hata bibi yangu hakuvijua, mpiga kodiani kaletwa kutoka Paris, mafungu ya maua ya Mei yamefungwa nailoni. Na jibini! Jibini la friji, limekatwa vipande vya mraba, limechomekwa vijiti, wanaligawa hatua chache kutoka kwenye meza yangu mimi! Jukwaa la hotuba lilikuwa palepale lilipokuwa bembea, katikati, na Perrachon juu yake anaongea kwenye kipaza sauti kwamba mila ni mizizi yetu, kwamba mji usiokumbuka umekufa. Nyuma yake meza za mkahawa zilikuwa zimeshapangwa, viti vimepinduliwa juu yake.

Odile akapita katikati ya watu. Walimpisha. Alipofika mbele ya jukwaa akasimama akamwinulia uso.

"Thibaud," akasema. Si bwana, si nini. "Sema kulikuwa na samaki."

Kodiani ikanyamaza. Perrachon akacheka kicheko cha meno. "Mama Charvet, hapa si mahali pake."

"Ndipo hasa. Sema tu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kufa kwa samaki wa karatasi."

"Sema!" nikapiga kelele, na Fernand akaitikia, na wengine, "Sema! Sema!" mpaka uwanja mzima.

Ndipo alipopasuka. Kipaza sauti kilikuwa kingali mdomoni, kwa hiyo tulisikia wote, mpaka waliokuwa madirishani.

"Umezoea kunidhihaki! Tangu utotoni! Kila Jumatano nilipanda bembea lako, kila Jumatano, nanyoosha mkono mpaka bega linaniuma, na hukunipa kile kishada hata siku moja! Hata moja! Wote walipata! Mtoto wa mfagiaji alipata, yule kikojozi alipata, mimi hapana!"

Mtu mzima, suti, kitambulisho shingoni, macho yamejaa machozi. Nami nilikuwa namchukia hivyohivyo na machozi yake.

Odile hakushangaa. Nadhani alikuwa anamkumbuka siku zote.

"Kishada hakikuwa cha mwenye mkono mrefu, Thibaud," akasema. "Kilikuwa cha mtoto ambaye mzunguko ukiisha, mama yake anamshusha kwa sababu mfukoni hamna kitu. Wewe mama yako alikuwa anasimama pale, pochi wazi. Ulikuwa unashuka ukichoka. Nilikuona unavyonyoosha mkono. Nikasema, huyu hana shida, atapanda tu."

"Ungenipa mara moja," akasema Perrachon, kwa sauti ndogo sasa. "Mara moja tu."

"Basi kulikuwa na samaki?"

Akafungua mdomo. Naapa, niliona neno limefika kwenye meno. Yule mama wa ofisi ya mtaa alikuwa pale mstari wa mbele, naye alimwona, akasogea. Perrachon akamtazama, akawatazama wakubwa wake kwenye viti vyao, akawatazama wasichana wa viatu vya mbao waliokuwa wameanza kuchekelea. Akafunga mdomo. Akatikisa kichwa, hapana.

Nilitaka kupanda jukwaani nimzabe. Nilikuwa nimeshaweka mguu. Odile akanizuia kwa kiwiko, akatoa mkono mfukoni, akaunyoosha juu, akakiweka kishada kwenye kiganja cha Perrachon na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Haya, umekipata," akamwambia. "Mzunguko mmoja, bure. Kapande."

Akageuka akaenda zake, aproni ya Marius inaburura kwenye mawe. Perrachon akabaki amekishika kile kitu chekundu. Akatazama nyuma yake, pale walipokuwa wakizunguka farasi, na kulikuwa na meza tu.